Nimefunga LED nyumba nzima hapa Mtwara, mbona LUKU haina habari?

Mpangaji wa Chuno (mleta uzi)

Wakuu wa Kusini, habari za jioni.

Nyumba tunayokaa hapa Chuno ina vyumba sita na mita moja. Hela ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tunachanga, na kila mchango unakuja na maneno yake: fulani hazimi taa, fulani anapiga pasi usiku. Kelele zilipozidi tukakubaliana tutoe taa zote tufunge LED, vyumbani, koridoni, chooni na ile ya getini. Jumla balbu nane za wati 9. Mwenye nyumba alichangia kidogo, tukashukuru.

Basi tukakaa mkao wa kula. Uniti zinaisha palepale. Jirani mmoja keshaanza kusema LED ni biashara za watu tu, mwingine anasema mita inakimbia. Wenye ujuzi naomba mniambie, hizi taa zinaokoa umeme kweli au ni maneno ya kwenye boksi?

Fundi wa Ligula

Zinaokoa. Ila kabla ya kuuliza zinaokoa kiasi gani, tuambie mlitoa taa za aina gani.

Mpangaji wa Chuno

Enajisava mkuu. Zile za kujisokota, nadhani wati 14.

Fundi wa Ligula

Basi jibu lako hilo hapo. Piga hesabu na mimi taratibu.

Uniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Globu ya zamani, ile ya uzi ndani, ya wati 60, ukiiwasha saa 5 kila siku inakula uniti 9 kwa mwezi. LED ya wati 9 inayotoa mwanga karibu sawa na huo inakula uniti 1.35. Aliyetoka kwenye globu nane za uzi akaingia LED anaokoa uniti 61 kwa mwezi, lazima aone. Nyinyi mmetoka wati 14 kwenda 9. Tofauti wati 5, mara balbu nane, mara saa 5, mara siku 30: uniti 6. Kwa T1, daraja la kawaida la bei ya umeme, ambako uniti moja pamoja na kodi ni kama shilingi 356, mmeokoa shilingi 2,136. Mkigawana vyumba sita, kila mtu kapata 356. Kwa hela hiyo utagombana na nani?

Enajisava ilishakufanyieni kazi kubwa zamani. LED imemalizia kipande kilichobaki.

Sasa nikuulize wewe: feni ngapi humo ndani? Joto la Mtwara tunalijua, kuanzia mwezi wa 11 hakuna anayelala bila feni. Feni ya wati 60 saa 10 ni uniti 18 kwa mwezi, feni moja hiyo! Feni sita, uniti 108. Taa zenu zote nane kwa saa 5 hazifiki 11. Pasi ya wati 1,200 nusu saa kila siku, uniti 18 nyingine. Watu wanaikaba taa kwa sababu ndiyo inayoonekana ikiwaka.

Mama Korosho

Fundi umenena. Kwangu Tandahimba naishi na wanangu wawili tu, sina friji, nipo D1. Nikinunua umeme wa elfu moja napata uniti 8 na pointi. Dada yangu yupo Mtwara mjini, elfu moja anapata mbili na pointi nane. Nilidhani anaibiwa.

Fundi wa Ligula

Haibiwi mama, ni madaraja. D1 ni ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, bei ni shilingi 100 kwa uniti. T1 ni 292. Juu yake weka VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati) asilimia 1. Ndiyo maana D1 inatoka 122 na T1 inatoka 356.

Na hapa mleta uzi asome mara mbili. Mtu mwenye mita yake, anayecheza kwenye uniti 70 hadi 80, LED kwake ni mali. Zile uniti 6 au 10 zinaweza kuwa ndizo zinazombakisha chini ya 75. Uniti 75 kwa D1 ni shilingi 9,150. Uniti hizohizo kwa T1 ni 26,700. Lakini vyumba sita kwenye mita moja, hata mkiwa waangalifu namna gani, D1 mtaisikia kwa jirani. Kila chumba peke yake kingeweza kuwa mtumiaji mdogo, mkikusanywa mnaonekana mtu mmoja mkubwa.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Vijana hamjambo. Nawasoma. Mimi kijana wangu kaja kutoka Dar akanifungia LED kila mahali, mpaka banda la vifaranga. Usiku nakuta wamepandiana pembeni, asubuhi wengine wamekufa. Hizo taa zenu za kisasa zina nini?

Fundi wa Ligula

Shikamoo mzee. Pole sana.

Taa haina kosa, imepewa kazi isiyo yake. Globu ya uzi katika kila wati 100 inatoa mwanga wa kama wati 5, zilizobaki zote ni joto. Kwa sebule ni hasara, kwa kifaranga ndiyo mama. LED ya wati 9 haina joto la kumtosha kifaranga hata mmoja. Rudisha globu ya wati 60 au 100 bandani, au tafuta taa nyekundu za joto wanazouza maduka ya mifugo. Hilo ndilo eneo pekee ninaloshauri watu wabaki na globu.

Mfugaji Mingoyo

Naongezea kwa mzee: wiki ya kwanza wanataka nyuzi 32 hadi 35. Wakijibana chini ya taa wana baridi, wakiikimbia wamezidiwa. Na kama umeme unasumbua huko kwenu weka jiko la mkaa ndani ya chungu, ila banda lipitishe hewa, usilizibe kabisa.

Mzee wa Mtanda, Lindi

Marahaba. Nimewaelewa. Kijana nitamwambia mwenyewe.

Binti Mikindani

Naomba kuingilia, maana mimi yangu ni vituko. Nyumba ni ya urithi, wayaringi ya zamani sana. Tulipofunga LED chumbani kwa mama, ukizima swichi taa haizimi kabisa. Inabaki na mwanga hafifu kama mbalamwezi, usiku kucha. Mama kakataa kulala humo, anasema kuna kitu. Tumebadilisha balbu, nyingine nayo hivyohivyo. Globu ya zamani haikuwahi kufanya hivi.

Chikongola Kwetu

Hilo si la fundi umeme hilo 😂

Fundi wa Ligula

La fundi kabisa, na wewe acha kumtisha mama wa watu.

Dada, swichi inatakiwa ikate laivu, yaani waya wenye moto. Kwenye nyumba nyingi za zamani, na hata mpya zilizofungwa na mafundi wa njiani, swichi imekata nyutro, ule waya wa kurudisha umeme. Taa inazimika vizuri tu, kwa hiyo hakuna anayejua. Lakini holda inabaki na umeme muda wote. Kiasi kidogo sana cha umeme kinapenya kati ya nyaya zilizolala pamoja ukutani. Globu ya uzi haiwezi kuwaka kwa kiasi hicho, uzi haupati hata vuguvugu. LED inahitaji kidogo mno, ndiyo inaonyesha ule mwanga hafifu. Kwa maneno mengine, balbu imekufichulia tatizo lililokuwepo tangu nyumba inajengwa.

Cha hatari ni hiki: mtu anazima swichi, anapanda kwenye stuli kubadilisha balbu akiamini hakuna umeme, mkono unagusa pini za holda. Kuna watu wameanguka hivyo. Mpaka ipite kwa fundi, mkitaka kugusa taa yoyote humo ndani zimeni mein swichi.

Sababu nyingine mbili ambazo si za kuogopesha: swichi zenye kile kitaa kidogo chekundu cha kuonyesha zilipo gizani, kitaa hicho kinapitisha umeme kidogo kupitia balbu. Pia taa inayowashwa kwa swichi mbili, kama ya ngazi au koridoni, waya zake ni ndefu na zinabebana. Fundi mwenye leseni akija na testa atajua ni ipi kwa dakika chache. Ikiwa ni nyutro, anageuza waya tu, si kazi ya kubomoa ukuta.

Binti Mikindani

Swichi zetu hazina kitaa. Ni zile nyeusi za duara za kushusha na kupandisha.

Fundi wa Ligula

Za duara nyeusi?! Dada, hapo hata isingewaka usiku ningekuambia uite fundi. Waya wa umri huo ngozi yake inakatika kama biskuti. Aipime nyumba yote, na aangalie kama erthi, waya wa usalama unaokwenda ardhini, ipo.

Duka la Vifaa, Masasi

Na mimi muuzaji niseme langu, maana lawama zote hutua kaunta.

Mteja anakuja anataka LED ya elfu moja na mia tano, boksi limeandikwa wati 50, saa 30,000. Ukimpa ya elfu nne ya wati 9 anaona umempunja. Wati 50 kwenye balbu nyepesi hivyo ya plastiki tupu haiwezekani, ingeyeyuka. Ndani ni wati 5 au 7. Msinunue kwa wati, someni lumeni, kipimo cha mwanga. Kama ulizoea globu ya wati 60 tafuta lumeni kama 800. Pia someni volti. Iliyoandikwa 220-240 pekee, umeme ukishuka inafifia au kupepesa. Iliyoandikwa 85-265 au 100-240 inavumilia kushuka huko, mwanga unabaki palepale wakati feni inazunguka kwa kujivuta.

Kinachoziua huku kwetu mara nyingi si taa zenyewe za ndani, ni saketi ndogo ya chini inayobadilisha umeme. Haipendi joto wala umeme unaorudi kwa kishindo. Kwa hiyo umeme ukikatika, zima swichi, ukirudi acha utulie ndipo uwashe. Na msizifungie kwenye vile vibakuli vya kioo vilivyozibwa kabisa. Joto halina pa kutokea, balbu ya kukaa miaka inakufa mapema.

Hesabu ya saa nayo ifanyeni. Saa 15,000 kwa matumizi ya saa 5 kwa siku ni siku 3,000, miaka minane. Mimi sijawahi kumwambia mteja miaka minane. Namwambia atunze risiti.

Fundi wa Ligula

Nakubali yote, naongeza la watu wa pwani: holda. Shangani, Mikindani, Lindi mjini, upepo wa chumvi unakula zile pini za shaba mpaka zinakuwa za kijani. Balbu haigusi vizuri, inapiga cheche ndogondogo, LED inakufa, mtu analaani balbu. Anaweka nyingine kwenye holda ileile. Balbu ya tatu ikifa mahali pamoja, badilisha holda, ni bei ya soda mbili.

Mwalimu wa Newala

Kwa wanaopenda kujua: balbu ya LED ikifa, ing'oe kile kifuniko cheupe. Ndani utakuta kisahani chenye vidoti vya njano. Mwanga unaozaliwa pale ni wa bluu, ule unga wa njano juu yake ndio unaugeuza uonekane mweupe. LED nyekundu zilikuwepo tangu miaka ya 60, bluu ndiyo iliyosumbua wanasayansi kwa miongo. Wanasayansi wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Nobeli ya fizikia 2014 kwa hiyo bluu. Bila wao tungekuwa na taa za kuonyesha redio imewaka tu.

Wakati mwingine kidoti kimoja kitakuwa na nukta nyeusi katikati. Ndicho kilichoungua, na kwa kuwa vimepangwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazima.

Chikongola Kwetu

Mwalimu hapo umenigusa. Kuna dogo huku anaunganisha hiyo nukta kwa risasi, balbu inawaka tena, anachukua mia tano. Ni sawa?

Fundi wa Ligula

Itawaka, ndiyo. Ila umeme uliokuwa unagawanywa kwa vidoti vyote sasa unabebwa na vilivyobaki, vinachemka zaidi, kingine kinafuata. Akiunganisha viwili vitatu unaletewa moto darini. Halafu kile kisahani hakijatenganishwa na umeme wa ukutani, kifuniko kikiwa hakipo ukikigusa unakula volti 230. Mia tano hiyo nunulia karanga.

Mwalimu wa Newala

La pili, kwa wenzangu wa vijijini wenye sola. Balbu za LED za volti 12 na za volti 230 zinauzwa na kitako kilekile, ukizishika hutofautishi. Mtu kavutiwa umeme wa REA, anahamisha balbu ya sola kwenye holda mpya: pwaa! Zile za 12 zifungeni utepe mwekundu shingoni. Na kama una betri ya sola na taa tupu, usipitishe kwenye inveta ili uwashe balbu za 230. Inveta yenyewe inakula hata taa zikiwa zimezimwa. Toa 12 moja kwa moja kutoka kwenye chajikontrola, kile kisanduku kinachodhibiti chaji ya betri.

Mama Korosho

Mimi swali langu dogo. Msimu wa mvua kumbikumbi wanajaa barazani mpaka chakula hakiliki. LED inasaidia?

Fundi wa Ligula

Inasaidia ukichagua rangi. Ile nyeupe kali, kwenye boksi imeandikwa 6500K, inawaita. Chukua ya njano, 2700K au 3000K, wadudu hawaifuati sana. Hawataisha, ila utakula. Jikoni na pa kusomea watoto weka nyeupe.

Duka la Vifaa, Masasi

Njano haitoki dukani, watu wanaona kama imechoka. Nikipata wateja wa baraza kama mama hapa nitaagiza.

Mpangaji wa Chuno

Nimerudi wakuu. Fundi, kabla sijaamini kwamba ni feni, nithibitishe vipi mita haikimbii?

Fundi wa Ligula

Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachopepesa. Pembeni pameandikwa namba kama 1000 imp/kWh, maana yake kikipepesa mara 1,000 umekula uniti moja. Nyingine ni 1600 au 3200, angalia ya kwenu. Kwa ya 1000, chukua 3,600 gawanya kwa sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine, unapata wati zinazotumika muda huo. Chomoeni kila kitu kwenye soketi, zimeni feni, washeni zile LED nane tu. Ni wati 72, inatakiwa ipepese kila baada ya sekunde 50. Ikiwa hivyo, mita ni nzima na balbu hazijawadanganya wati. Halafu zimeni na taa. Mita inyamaze kabisa.

Mpangaji wa Chuno

Tumefanya leo, wote sita tupo, hakuna aliyebaki chumbani. Ya kwetu ni 1000.

Kila kitu kimechomolewa na taa zimezimwa, kitaa kinapepesa kila sekunde 30. Tumerudia, 30. Tukiwasha LED zote nane inashuka hadi kama 19.

Fundi wa Ligula

3,600 kwa 30 ni wati 120. Ongeza 72 za taa unapata 192, gawanya, karibu 19. Kwa hiyo mita inasema kweli na balbu zenu ni wati 9 halali.

Hizo 120 zinazobaki nyumba ikiwa giza huenda ni mashine ya friji au friza. Umeme ukiwa unavuja, mita haipumziki. Kaa uangalie: ikinyamaza kwa dakika kadhaa kisha ikaanza tena, hilo ni friza. Nani ana friza?

Mpangaji wa Chuno

Sisi hakuna. Ila mbele kuna fremu ya duka la soda na barafu. La mwenye nyumba.

Chikongola Kwetu

😂😂😂 Eti "alichangia kidogo, tukashukuru"

Mama Korosho

Msimvamie. Mwiteni kwa adabu, labda fundi aliyefunga ndiye aliyeunga huko bila yeye kujua.

Mpangaji wa Chuno

Tumekaa naye jioni hii, mjumbe alikuwepo. Amesema anajua lipo kwenye mita yetu, kwamba lile eneo ni lake na aliona ni sehemu ya kodi. Tumemwonyesha kitaa kinapepesa na duka limefungwa, hakubisha sana. Anataka tukubaliane alipe sehemu yake kwa makadirio. Wenzangu wanataka mita ndogo ya ndani ifungwe kwenye laini ya fremu. Fundi, hiyo inawezekana bila kugusa mita ya LUKU?

Fundi wa Ligula

Inawezekana. Inakaa baada ya mein swichi yenu, kwenye waya unaokwenda dukani, haigusi LUKU wala lakiri yake. Kila mnaponunua umeme mnasoma imehesabu uniti ngapi, analipa hizo kwa 356. Makadirio msikubali. Friza la barafu kwa joto hili, mlango unafunguliwa kila saa, linaweza kufika uniti mbili kwa siku au zaidi. Mtakadiria vipi?

Nitumie ujumbe pembeni, Jumamosi nina kazi Chuno.